Vidole vya Havyarimana

Jumatatu, 1 Julai 1974

Nimechaguliwa! Bendi yetu ya Kibondo inakwenda Kasulu kwenye mashindano ya Sabasaba, na mpiga besi ni mimi. Nilimwambia Mwenyekiti wa bendi, Kipriani, kwamba nimepiga Tabora, Dodoma na Mombasa. (Mombasa nilipita. Kwa lori.) Kasema nikiharibu, bendi nisiisogelee hata dirishani.

Nikaoneshwa besi. Loo! Jeneza la kusimama wima, lenye nyuzi nne!

Jumanne, 2 Julai

Nimeikamata shingo kama mpini wa jembe. Imelia kama ng'ombe anayezaa! Havyarimana, mkimbizi wa Burundi anayeishi kwangu tangu mwaka juzi, kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe alipiga besi seminari! Kanieleza: dole gumba nyuma ya shingo; mbele kidole cha shahada, cha kati, halafu cha pete na cha mwisho pamoja, kama mume na mke. Nikamwambia hayo ya kizamani. Mombasa tunatumia ngumi.

Alhamisi, 4 Julai

Malengelenge matatu. Mke wangu Ernesta kauliza kama mazoezi hayawezi kufanyika Mabamba, kule mpakani, au ng'ambo kabisa.

Lakini kichwa hiki! Havyarimana atasimama nyuma ya pazia. Mkono wake wa kushoto utapenya kwenye mkono wa koti langu na kubonyeza nyuzi. Wangu nitauficha tumboni. Kaomba kwanza msamaha kwa Mungu, kisha kakubali.

Jumapili, 7 Julai. Kasulu

Mungu wangu! Vidole vilipanda na kushuka kama mjusi ukutani. Watu wakasimama. Mimi natabasamu tu!

Mara mama mkwe, Mama Josepha, mkazi wa hapahapa, akaja jukwaani kunisalimu. Sisi Waha mkwe humsalimu kwa mkono mmoja? Thubutu! Nikainama, nikapiga makofi. Mikono miwili.

Wa tatu ukabaki kwenye besi, unatafuta noti.

Mama mkwe akahesabu mikono kwa sauti, akarudia, kisha akapiga yowe: mwanawe kaolewa na buibui! Watu wakakimbia kupitia madirishani.

Jumatatu, 8 Julai

Nimefukuzwa. Mpiga besi ni Havyarimana. Anastahili, koti nimempa. Kosa langu nimeligundua: koti lilibana.

Bendi ya hapa Kasulu haina mpiga saksafoni. Nimewaambia wasihangaike, nimeipuliza miaka miwili. Wamefurahi, wamenikabidhi.

Sasa, tundu lile pana ndilo la mdomo?