Sindano Anunua Darubini

Redio ya Volti ilisema kuna kampuni huko ng'ambo imeanza kuuza viwanja mwezini. Mtangazaji hakupata nafasi ya kumaliza habari yake. Kijiwe kilikuwa kimeshalipuka.

"Vimeshaisha hivyo!" alisema Waziri.

Waziri hakuwa waziri wa chochote. Alikuwa kinyozi, kibanda chake kinatazamana na benchi la kahawa, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu, hasa lile asilolijua.

"Vimeisha vipi, na ndiyo kwanza wanatangaza?" aliuliza Volti, fundi redio, bisibisi ikiwa sikioni.

"Kila kimoja kimeuzwa kwa watu watatu. Wewe unadhani madalali wa huko wamezaliwa na mama mwingine? Unashuka na chombo chako cha anga, unakuta mwenzako keshamwaga mchanga na matofali."

"Na maji?"

"Bomba linapita mwakani."

Shangazi, mwenye kahawa, alicheka hadi birika likayumba mkononi mwake. "Hata huko juu, mwakani!"

Sindano naye alicheka, ila kwa ndani, kama kawaida yake. Cherehani yake ilikuwa hapo hapo barazani, ubavuni mwa benchi. Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa sababu alishinda akifanya kazi bila mtu kumsikia. Leo mguu ulikuwa kwenye pedali lakini kitambaa hakisogei. Macho yalikuwa barabarani.

"Sindano, unasubiri posa nini?" Volti alimchokoza.

"Nasubiri darubini."

Benchi zima liligeuka.

"Darubini!" Waziri alisimama na kikombe chake. "Umchungulie nani?"

"Mwezi." Sindano aliona uso unawaka moto, lakini neno lilikuwa limeshatoka, likabidi lifuatwe na wenzake. "Kazi yangu yote iko hapa," akagusa ncha ya pua. "Uzi, kifungo, pindo. Tangu utoto sijatazama kitu kilicho mbali. Kuna mzee mpiga picha anauza yake. Ameshaitumia, lakini nzuri."

Kwa Sindano hiyo ilikuwa hotuba ya mwezi mzima. Aliinamia cherehani haraka.

"Mtumba?" Waziri alishika kiuno. "Mdogo wangu, utaweka jicho lako mahali jicho la mtu lilipokuwa?"

"Kiti chako cha kunyolea si kimekaliwa na mji mzima?" alisema Shangazi.

"Shangazi, makalio hayaambukizi tongotongo!"

"Achukue mpya," Volti akaingilia. "Duka la pale kona wanayo. Boksi limeandikwa inakuza mara mia sita! Unamwona mbu mwezini anavyopiga mswaki."

"Nilikwenda kuiona," alisema Sindano akiwa ameinama vile vile. "Miguu yake inatetemeka. Niliigusa kidogo tu, ghorofa ya jirani ikaanza kucheza humo ndani. Boksi ndilo zuri."

"Basi nunua boksi!" alisema Shangazi, wakacheka.

Mzee mpiga picha alitokea akisukuma mkokoteni, na juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka kama mgonjwa. Alipofunua, wote walisogea. Lilikuwa bomba jeusi nene, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, limekaa kwenye kiti chake cha mbao. Ubavuni, karibu na mdomo, palikuwa na kijitundu cha kuchungulia.

"Shikamoo, mzee," alisema Sindano.

"Marahaba, mwanangu. Makubaliano ni yale yale, nusu taslimu, nusu unishonee mapazia. Nahamia kwa binti yangu, na ngazi za kupanda darini magoti yamezikataa. Lakini sina jioni nyingine. Mwenye hoteli anaitaka leo hii."

"Naye anapenda nyota?"

"Anataka kuwekea humo miavuli ya wageni."

Sindano aliinuka kwenye cherehani. Aliingiza mkono kwenye kifuko chake, lakini Waziri alikuwa ameshajiteua.

"Kamati ya ukaguzi kwanza! Huyu binti ana wenyewe." Alilizunguka lile bomba mikono ikiwa mgongoni, akaligonga, akalinusa, kisha akachungulia kwenye mdomo wake mkubwa. "Eh! Jamani! Naona sayari! Kubwa! Ina mashimo... ina nywele... ina pua!"

"Huo ni uso wako," alisema mzee. "Huko chini kuna kioo."

"Mashimo ni kweli, lakini," alisema Shangazi.

Volti alimsukuma pembeni, akashika bomba na kulielekeza kwenye jua. Mzee alimchapa kiganja kabla hajainama.

"Unataka jicho likaangike? Jua halitazamwi na hii! Elekeza kule mwisho wa barabara, kwenye lile tangi la maji."

Volti aliweka jicho kwenye kijitundu, akazungusha kitasa taratibu kama anatafuta stesheni. Ghafla aliruka.

"Mama yangu! Tangi limepinduka! Miguu juu, mfuniko chini!"

"Maji yanamwagika?" aliuliza Shangazi.

"Hata tone! Na kuna paka ananing'inia kwa kucha kwenye bati... hapana, amelala! Amelala huku ananing'inia! Na mama mmoja kasimamia ndoo kwa kichwa, miguu inakanyaga mawingu!"

Shangazi alichungulia, akapiga ukelele, akachungulia tena. Waziri alichungulia, kisha akajinyoosha na kukohoa kikubwa.

"Mbovu."

"Si mbovu," alisema mzee. "Za nyota ndivyo zilivyo. Zinapindua."

"Mzee wangu, ulikuwa mpiga picha. Ungenipa picha yangu ya harusi kichwa chini ukasema ndivyo zilivyo, ungelipwa? Huyu binti ataamka siku moja aone mwezi unamdondokea! Punguza bei, au peleka kwenye miavuli."

Mzee alichukua shuka, akaanza kulifunika bomba lake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyetukanwa. Benchi lilikuwa linacheka. Volti anaonyesha jinsi paka alivyoning'inia. Hakuna aliyemtazama mwenye kununua.

Sindano aliangalia shuka ikipanda. Kifuani moyo ulikuwa unakwenda kasi kuliko cherehani. Yeye hakuwahi kumkatiza mtu mzima maneno. Hata mteja akimwambia shona vibaya, alishona vibaya, kisha akafumua na kurekebisha usiku. Shuka ilifika kwenye kijitundu.

"Mzee, usiifunike!"

Sauti ilitoka kubwa hata yeye akashtuka. Kicheko kilikatika.

"Mdogo wangu, tunakusaidia," alisema Waziri. "Kitu kinaonyesha kinyume."

"Waziri, hiyo suruali uliyovaa nani kashona?"

"Si wewe?"

"Niliishona ndani ikiwa nje. Gauni la Shangazi hivyo hivyo. Tangu nijue kazi hii natazama nguo kinyume kutwa nzima. Umewahi kuvaa ukaona mifuko iko nje?" Alipumua. "Huko juu hakuna mtu amesimama, kwamba nitamkosea heshima nikimwona kichwa chini. Mzee, naichukua. Mapazia utayataka ya rangi gani?"

"Aaa-haaa!" Shangazi alipiga birika kwa kijiko kama kengele. "Kamati imevunjwa!"

Mzee alipokea fedha bila kuzihesabu, akaikunja shuka kwa madaha. Nusu mwezi ilikuwa imeshatoka upande wa pili wa anga, nyeupe kama chaki juu ya mabati, mchana kweupe. Alimwelekezea bomba, akarudi nyuma.

Sindano aliinama. Kwanza aliona ukungu. Akazungusha kitasa. Kisha akaacha kupumua.

"Unaona nini?" aliuliza Volti.

Sindano alisogeza jicho karibu zaidi.

"Sindano, sema basi! Kuna viwanja?"

"Kuna milima," alisema polepole. "Ina vivuli. Kweli ni milima, Shangazi. Na ukingo wake umechanikachanika, kama kitambaa kisichopigwa ovaloki ya kuzuia nyuzi."

Palizuka foleni ya ghafla. Waziri, ambaye hakukubali kushindwa, alisema kama tatizo ni kichwa chini, dawa anayo. Volti alipomaliza zamu yake, Waziri aliligeuzia bomba mgongo, akatanua miguu, akainama mpaka kichwa kikatokea katikati ya magoti, akaipapasa darubini ishuke usawa wa jicho.

"Tulieni! Nakaribia! Naona mwanga! Naona—"

Mshono wa nyuma wa suruali uliachia kwa mlio uliomwamsha yule paka kule kwenye bati.

Shangazi aliketi chini. Volti alishika nguzo. Mzee mpiga picha alifuta machozi kwa shuka. Waziri alirudi kinyumenyume hadi ukutani, akabana mgongo hapo.

"Mdogo wangu," aliita kwa upole ambao kijiwe hakijawahi kuusikia. "Nina mteja ananisubiri. Nishikizie hata nyuzi mbili."

Sindano alikuwa ameshalirudisha jicho lake milimani.

"Kaa hapo hapo kwenye ukuta, Waziri," alisema bila kugeuka. "Leo siangalii vitu vya karibu."