Kura Moja ya Bulimbwe

Jumapili, 13 Novemba 2011

Nimeamua. Nagombea uenyekiti wa chama chetu, chama cha watu wa jimbo la uchaguzi la Bulimbwe, Kongo ya mashariki, tulioishia hapa Durban. Kura ni baada ya wiki mbili. Mpinzani: Honoré, mwenye saluni Pinetown. Angekuwa mtu mwingine ningenyamaza. Lakini baba yake, Mzee Ladislas, ndiye aliyehesabu kura mwaka 1987, baba yangu alipogombea ubunge akashindwa kwa kura moja. Moja! Baba alizunguka nyumba kwa nyumba miaka ishirini akiuliza nani hakumpa. Alikufa akiuliza. Nilimwahidi pale kitandani kwamba jina letu litasafishwa. Mimi leo ni mlinzi wa magari ufukweni, na diploma ya ualimu iko chini ya kitanda. Kama si sasa, sijui lini.

Félicité, mke wangu, hakupiga makofi. Kasema nyumba ya mwenyekiti ni hoteli: kila mgeni kutoka kwetu analala hapo, kila matanga yanakaliwa hapo. Na sisi tuna chumba kimoja South Beach, pazia katikati, upande wa pili Arnaud, Mrundi anayekoroma. Nimemwambia ataitwa Mama Prezida. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 15 Novemba

Mpango: kuandika Historia ya Uchaguzi wa Jimbo la Bulimbwe na kuisoma mkutanoni kabla ya kura. Nimeanza leo kazini. 1970: karatasi ya kijani ndiyo, nyekundu hapana; askari kasimama mbele ya nyekundu; wote kijani. 1982: aliyeshinda alipanda ndege kwenda Kinshasa, bado tunamsubiri. 1987: Baba, na wizi. 2006: wagombea thelathini na mmoja, karatasi kubwa kama kitambaa cha meza, nyanya yangu aliomba aende nayo nyumbani. Mshindi aligawa baiskeli zisizo na minyororo.

Nimeisoma yote mara moja na imenihuzunisha. Sijaona mahali ambapo mtu alipata kitu. Nilipoinua kichwa, gari moja nililokuwa nalinda halikuwa tena na kioo cha pembeni.

Ijumaa, 18 Novemba

Siku zote chama huchagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hatari. Nusu ya wanachama wananyolewa na Honoré. Nani atasimama nyuma yangu mbele ya mtu mwenye wembe? Nimependekeza kura ya siri. Kila mtu anapewa haragwe moja na punje moja ya mahindi. Haragwe ni mimi, mahindi ni Honoré. Unaingia nyuma ya pazia, unatumbukiza moja kwenye mkebe wa maziwa, ile iliyobaki unaificha mfukoni uende nayo kwako. Deborah, katibu wetu, kasema « sharp », yaani safi. Honoré kakubali huku anacheka. Kicheko kile kimenikosesha usingizi.

Félicité kauliza kama ni kweli hakuna atakayejua. Nikamwambia hata malaika hatajua. Kasema ni wazo zuri. La kwanza kusifiwa mwaka huu.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimempigia Mama simu Bulimbwe ili nipate hesabu kamili ya 1987. Mtandao mbovu. Mama kasema: « Sikiliza, mtoto wangu, acha kumutukana Mzee Ladislas. Hakuiba kitu. Kura ile ilikuwa yangu. »

Eti alimchagua yule mwingine. Eti wabunge walikuwa wanarudi kutoka Kinshasa na bibi wa pili, na yeye alikuwa na watoto sita na shamba. Nikauliza mbona alinyamaza miaka yote ile. Kasema Baba aliuliza kila nyumba, yake hakuuliza.

Nimekaa nyuma ya bakkie, pikapu nyeupe ya mtu, nikalia. Niliona uso wa Baba akirudi jioni na vumbi miguuni. Halafu nikafikiri vizuri. Mama ana miaka sabini na nne. Malaria inapanda kichwani. Na watu wa Ladislas hawashindwi kumpelekea mama mzee kilo ya sukari. Historia nimeiacha kama ilivyo.

Jumapili, 27 Novemba

Ukumbi wa kanisa, Cato Manor. Mvua, watu ishirini na tisa. Nimesoma Historia dakika arobaini. Nilipofika 1987 Honoré aliinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu. Deborah anasema alikuwa amesinzia.

Deborah kamwaga mkebe mezani, kahesabu kwa sauti. Maharagwe kumi na nne. Mahindi kumi na tano.

Kura moja. Tena. Nikashika meza. Nilitaka kudai mkebe ukaguliwe, lakini mkebe ulikuwa wetu, Félicité ndiye aliyeuosha. Honoré kanipa mkono, kasema « eish, kaka, pole ». Wageni wawili waliofika juzi kutoka kwetu wakabeba mikoba yao kwenda kulala kwake.

Nyumbani Félicité kapika fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki, kama Noeli. Kaimba nyimbo za kwaya mpaka Arnaud kaitikia toka nyuma ya pazia. Maskini, anajikaza ili nisivunjike moyo.

Jumatatu, 28 Novemba

Leo kwetu wanachagua rais na wabunge. Sisi wa nje haturuhusiwi. Polisi wametufukuza ufukweni kwa sababu ya mkutano mkubwa wa hali ya hewa, kwa hiyo sina hata gari la kulinda. Nimeamua kufua. Ndani ya koti la Félicité, mfuko wa kifuani, nimekuta haragwe. Jekundu, zima, lile la jana. Haragwe langu! Watu kumi na tano wamenitupa, mke wangu kanihifadhi karibu na moyo. Machozi yalinitoka. Nimelirudisha polepole asijue kwamba nimeliona.

Kwenye Historia nimeongeza ukurasa: 2011, Durban, wizi wa pili. Kesho naanza kuzunguka. Pinetown, Cato Manor, ghorofa zote za South Beach. Nitabisha kila mlango niulize ni nani. Kwangu sina haja ya kuuliza.