Kicheko Changu na Ku Iliyopungua

Jumapili, 4 Mei

Mchana, baada ya kula. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Mambo yakaenda vizuri, nikafika kileleni, na kama kawaida yangu kicheko kikanipanda. Miaka miwili tangu tuoane uzeeni nakibana kwa kung'ata mto. Leo mto ukaanguka! Nimecheka hadi meno ya bandia yakatoka. Mzee akauliza kama yeye ni kichekesho. Kabla sijapumua, kabeba mto wake kahamia chumba cha mbele anakotengenezea saa za watu. Eti Jumamosi anahamia kwa dada yake. Kwa wifi yule! Nitasemwa mtaa mzima.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia nilikuwa namcheka paka. Akauliza paka yupi.

Hatuna paka.

Jumanne, 6 Mei

Kuomba radhi kwa mdomo siwezi, sikuumbwa hivyo. Nimeandika barua. Darasa la tatu nilifika, si haba. "Mume wangu, juzi sikucheka." Nikaipitisha chini ya mlango. Ikarudi mbio! Kaandika nyuma kwa kalamu nyekundu: "Hukucheka? Mbona jirani aligonga ukuta?" Haya. Nilikuwa mwenye dharau, sasa ni mwongo pia.

Alhamisi, 8 Mei

Zahanati. Nikamwambia muuguzi kuna shoga yangu ana tatizo. Akauliza umri wake. Nikasema sitini na nane, meno ya bandia, mwanamke mzuri sana. Binti yule ana adabu, hakucheka. Kasema ni mwili tu: wengine hulia, wengine hucheka, wengine hupiga chafya. Si dharau. Ila kichwa kikiuma ghafla na kwa nguvu, mtu aje aonwe. Dawa ni wenyewe kuambiana, tena wasinuniane. Mtoto wa juzi kuninasihi mimi!

Nikamwonyesha barua ya shoga. Akasema imepungua ku moja, alitaka kuandika "sikukucheka". Ku moja! Ndoa inavunjika kwa ku! Nikamjibu mwalimu wa shoga alikuwa mzembe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeandika upya. Nimeweka ku tatu, moja ya akiba. "Mume wangu, sikukukucheka." Nikatega sikio mlangoni. Mara nikasikia anaangua kicheko, mlango ukafunguka. Nikamweleza yote ya muuguzi, kana kwamba nilizaliwa nayajua. Akawa kama ana neno la kusema, akalimeza. Begi lake la kuhamia limerudi juu ya kabati. Wifi na asubiri!

Jumamosi, 10 Mei

Mchana, pazia chini. Nimecheka nitakavyo, bila mto! Mzee hata hakununa. Ghafla, chafya. Tisa! Zote usoni kwangu. Eti ndiyo kawaida yake akimaliza, miaka miwili anakimbilia bafuni kuzificha. Na mimi nikidhani ni kibofu! Eti nisikasirike, yeye kapiga chafya tu, hakunipigia mimi.

Hakunipigia! Uso ulioloa ni wa nani?

Nimebeba mto wangu. Naandika haya chumba cha mbele, katikati ya saa zake, zote zinanigongea kichwani. Sitoki hapa mpaka barua ipite chini ya mlango. Na ku zake nitazihesabu.