Malalamiko Kuhusu Pazia la Chumbani na Bia ya Sherehe Yako

Shemeji Mheshimiwa,

Natumaini wewe na wa nyumbani mwako ni wazima. Mimi sijambo, anayeumwa ni bia. Nilijitolea kukupikia bia ya sherehe yako ya kustaafu Jumamosi ijayo, na nikakuahidi kinywaji ambacho wageni watakisimulia. Ahadi hiyo sasa imo hatarini, na anayeihatarisha ni dada yako. Nakuletea wewe shauri hili kwa kuwa ndiwe uliyeniozesha.

1. Pazia. Chumba chetu cha kulala ndicho chenye giza kuliko vyote, hivyo nimepanga chupa zote humo, upande wa miguuni. Kila asubuhi dada yako hufungua pazia, eti "hewa iingie," nami hulifunga tena. Na hewa sina ugomvi, ugomvi wangu ni na mwanga. Niruhusu nieleze. Uchungu wa bia hutoka kwenye maua yaitwayo hopsi, na jua likiupata uchungu huo, bia hunuka beberu. Chupa za kahawia huikinga. Zangu ni nyeupe, za sharubati, kwa sababu ndizo nilizopewa bure.

2. Pasi. Dada yako hunyooshea nguo humohumo. Joto huizeesha bia kabla ya wakati wake, ikawa na ladha ya boksi lililolowa. Tena huiamsha hamira iliyolala chupani. Juzi chupa moja ililipuka mashoga zake wakiwa sebuleni. Wote walilala kifudifudi, na mmoja akaanza kutubu kwa sauti. Nilipowaeleza kwa utaratibu kwamba ni hamira tu, hawakushukuru.

3. Dada yako mwenyewe. Hili naliandika kwa heshima. Mwili wa binadamu hutoa joto, na kipimajoto nilichotundika juu ya kitanda kinanithibitishia kila anapolala. Nilimwomba kwa upole ahamie sebuleni. Akanijibu, "Na wewe baba watoto, ni barafu?" Nikamfafanulia kwamba mimi ni mlinzi, na mlinzi haachi lindo. Akacheka mpaka akakaa chini, na joto likazidi.

Kwa hiyo naomba uje umchukue, akae kwako hadi Jumamosi. Simfukuzi, Mungu apishie mbali. Namtenga tu, kama mtu mwenye busara anavyotenga kiberiti na mafuta ya taa. Aje na pasi yake.

Msalimie mkeo, watoto, mama mkwe, na yule jirani yako fundi saa asiyeitika salamu.

Wako mwenye subira isiyo na mfano,
Shemeji yako, mwalimu mstaafu

Nyongeza: Uniwie radhi kwa kuchelewa. Barua hii nimeiandika na kuirudia juma zima humo lindoni, na macho yangu hayawezi tena giza. Basi dada yako akishatoka kwenda kazini, nilikuwa nalifungua pazia mwenyewe na kuliacha wazi hadi jioni. Leo nimeonja. Tafadhali agiza bia dukani. Dada yako usimhamishe. Ila ukimweleza sababu, njoo unichukue mimi.