Keki ya Ghorofa Tano ya Carmen

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kamati ya harusi imekaa kwetu, hapa Kikula. Carmen anaolewa Jumamosi. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita, na ni mimi anayeniita Papa.

Shemeji yangu Ricky, ndugu wa mke wangu, alijitwalia kazi ya vinywaji kabla mtu hajauliza. Mimi, karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mwenye mhuri, nikapewa viti. Viti! Nikasema hapana, keki ni yangu. Ricky akauliza kwa upole kama nitaleta mikate ya chai niipange. Watu wakacheka. Nikajibu kwamba keki itakuwa ya ghorofa tano. Sijui hiyo tano ilitoka wapi. Nilipoisikia ilikuwa imeshatoka mdomoni.

Mchana nikaenda mjini kwa Mama Bibiane, anayepika keki za harusi. Nikampa bahasha ya pesa za kamati. Akachungulia ndani, akaifunga taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

“Na hii franga, Papa, unapata étage moya,” alisema.

Ghorofa moja! Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na cha kufikiri.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeamua kupika mwenyewe. Ni unga, sukari na mayai tu, si dawa ya hospitali. Nikaazima oveni ya jirani. Dakika ya kumi na tano umeme ukakatika. Nikahamishia kila kitu kwenye jiko la mbabula, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Albertine, mke wangu, alinishauri niache. Sikuacha.

Chini imekuwa mkaa. Katikati uji. Mayai ishirini na manne yamekwenda. Nikaimwaga uani. Kuku wa jirani wakaja, wakaonja, wakaondoka.

Albertine amesema nimwambie Carmen ukweli leo hii. Nimesema kesho.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeokoka! Nikiwa kazini, katikati ya vyeti vya kuzaliwa, wazo limekuja. Nani hula keki nzima? Watu huangalia. Wanakula kipande cha juu, basi. Kwa hiyo ghorofa moja iwe keki. Nne ziwe mbao.

Nikaenda kwa fundi Camille, anayetengeneza majeneza. Hakuuliza swali. Alitaka tu kujua kama ninahitaji na mishikio. Jioni alikuwa amemaliza maboksi manne ya mviringo, kubwa hadi dogo. Kazi safi sana.

Kuyapaka krimu kungemaliza bahasha. Nikapaka chokaa mara mbili, kisha maua ya plastiki kuzunguka. Yanang'aa kuliko keki zote katika albamu ya picha ya Mama Bibiane. Nimemwagiza ile étage moja ya juu. Albertine ameyatazama, akaingia ndani.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeiweka keki sebuleni, na kijiboksi kitupu juu mahali pa keki halisi. Nimewaambia majirani wasiikaribie kwa sababu ya vumbi. Ricky alikuja. Alisimama mlangoni muda mrefu. Sijapata kufurahi hivi tangu nipandishwe cheo, na sijapandishwa cheo.

Kisha Carmen akaja. Alisimama hapo hapo, mikono mdomoni, machozi yakimtoka. Alisema baba yake angependa kuiona. Ndipo akanieleza programu, akihesabu kwa vidole. Ya juu wataikata wenyewe, yeye na Clovis wake. Ya pili itapelekwa kwa bibi ya Clovis, mbele ya watu wote. Ya tatu kwa wazazi wa Clovis. Ya nne kwa wasimamizi wao wa ndoa. Ya tano, ile kubwa kuliko zote, ataileta kwangu mwenyewe, akiwa amepiga magoti.

Nilikaa kwenye kiti. Nikasema ni vizuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Asubuhi nilikwenda kwa mshereheshaji, nikamwomba afute sehemu ya kugawa keki. Nikamwambia inachosha wazee. Alisema programu imeshachapishwa, na sehemu hiyo ndiyo wazee wanayoisubiri.

Nikaenda saluni kumwambia Carmen. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta amekaa kati ya wanawake wanne, kichwa chote mikononi mwao. Nikaanza, nikasema kuhusu keki, kwamba ni nzito. Alicheka. Alisema watu wamemwambia wiki nzima kwamba nitashindwa, naye amewajibu kwamba Papa hajawahi kumdanganya.

Nikasema wabebaji wawe wawili. Nikarudi nyumbani.

Sina hamu ya kula. Nimefikiria kuugua. Nimejipima joto mara tatu. Mzima kabisa.

Jumapili, 18 Agosti

Jana sikuweza kuandika.

Ukumbi ulijaa. Keki iliingia, watu wakapiga vigelegele. Carmen na Clovis wakakata ya juu, ikakatika vizuri, nikaanza kuomba Mungu umeme ukatike. Safari hii haukukatika.

Wasichana wawili wakabeba ghorofa ya pili hadi kwa bibi ya Clovis. Ni mama wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye macho makali. Akaomba kisu. Akachoma. Kisu kikalia ko! Akachoma tena. Akapitisha kidole, akakinusa, na muziki ukazimwa ili asikike.

“Bana bangu,” alisema, “hii haiko gâteau. Hii ni nyumba, bamepaka chokaa.”

Kuna waliocheka. Mama ya Clovis hakucheka. Carmen aligeuka akanitazama, na uso wake sitausahau. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja nimwambie kwamba si kweli.

Nikasimama. Nilikuwa na visingizio viwili tayari, kimoja cha kumlaumu fundi na kimoja cha kulaumu joto. Vyote vikanikwama. Nikasema pesa zilitosha moja tu, nami nilitaja tano kwa kuona aibu, na kwamba mtoto hajui chochote.

Carmen akashika kisu, akarudi kwenye ile moja ya kweli, akaanza kuikata vipande vidogo kama vidonge vya malaria. Alikata kwa muda mrefu, bibi arusi na shela lake, bila kuinua kichwa. Akapeleka cha kwanza kwa yule bibi, akiwa amepiga magoti. Bibi akala. Akasema ni tamu. Hapo muziki ukarudi, na sahani ikazunguka hadi kwa mtu wa mwisho.

Changu alikileta mwishoni. Alipiga magoti kama alivyoahidi.

“Papa, hata moya tu ingenitosha,” alisema. “Sababu ya nini haukuniambia?”

Nilikula. Sijui kilikuwa na ladha gani.

Jumatano, 21 Agosti

Carmen amekuja na mumewe kutusalimu. Amenitengea chakula kwa mkono wake. Hatukuzungumzia keki. Baada ya wao kuondoka nililia kidogo, nyuma ya nyumba.

Nimetafakari sana siku hizi tatu. Nimeona kosa langu. Chokaa. Ingekuwa krimu nyembamba juu ya mbao, na kisu butu, yule bibi asingegundua kitu.

Jioni tulikuwa kwa dada ya Albertine. Binti yake Gaëlle anaolewa Desemba. Wakauliza nani atashughulikia muziki. Albertine alinishika mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu. Mjomba mmoja akanitazama, akatabasamu.

Nikasema orkestra ya watu kumi na wawili.

Namjua mtu mmoja mwenye gitaa. Lina nyuzi nne, lakini linalia. Wale wengine kumi na mmoja watasimama nyuma yake, wamevaa suti.