Mnyonya Damu Ashuka Kisumu

Jumatatu, 2 Machi 1987
Siku kubwa! Mama Waithira, muuza vitabu wa karibu na steji, anataka hadithi ya katuni iliyochorwa hapa hapa Kisumu. Kibanda chake kina nafasi ya kitabu kimoja tu. Zacchaeus, mchora mabango mwenzangu wa mtaa wa Mamboleo, tayari amempelekea ya upelelezi: maiti, mwanamke mrembo, moshi wa sigara. Ya kizamani! Mimi nitachanganya. Mnyonya damu wa hadithi za kale anashuka kwenye meli ya Mwanza. Mpelelezi anamngoja gatini. Nimemwambia Beldina, mke wangu, kwamba tumeagana na mabango ya bucha. Nimekataa hata kazi ya leo ya mwenye bucha. Akaenda kupima unga uliobaki.

Jumatano, 4 Machi
Kurasa kumi na nane! Mpelelezi wangu amevaa koti refu, kola juu, kofia hadi machoni. Beldina akauliza kama ana malaria. Nikamweleza kwamba wapelelezi wote huvaa hivyo. Akasema si Kisumu, si mwezi wa tatu. Hajui sanaa.
Mnyonya damu ametoka vizuri mno. Meno pekee yalinichukua asubuhi nzima.

Ijumaa, 6 Machi
Mashine ya kurudufisha iko ofisi ya kanisa, Nyamasaria. Nimemwambia Rosa, karani, kwamba ni kijitabu cha kuonya walevi. Akafurahi, akanipa stensili, karatasi za nta za kuchorea. Akanionya nisijaze weusi mahali pakubwa, stensili itachanika na wino utamwagika. Nikamjibu kwa upole kwamba yeye ni karani, mimi ni msanii. Hadithi ya kutisha bila giza?

Jumamosi, 7 Machi
Msiba! Stensili za mnyonya damu zimechanika zote. Kila alipo mnyonya damu pana doa kubwa jeusi. Kurasa kumi na moja! Meno yangu! Blauzi ya Rosa pia. Halafu akasoma, akauliza walevi wako wapi. Nikamwambia mnyonya damu naye ni mlevi wa aina yake. Akanifukuza. Nimetoka na nakala sitini, na wino hadi kwenye viwiko.
Beldina ameuliza kama yule mwenye bucha bado anahitaji bango. Sitalala vizuri leo.

Jumatatu, 9 Machi
Ushindi! Ushindi!
Mama Waithira alitazama madoa, akaguna, akavitundika hivyo hivyo pembeni ya vya Zacchaeus, jioni aamue kipi kibaki. Mwalimu Khaemba, mteja wake, akafungua ukurasa wa tisa, pale mlango wa kabati unapofunguka. Doa tupu. Akapiga kelele mbele ya wateja! “Yuko humu ndani! Yuko humu na simwoni!” Watu wakakimbilia. Kila mtu alitaka kutishwa. Saa tisa nakala zote sitini zilikuwa zimekwisha. Vya Zacchaeus vikashushwa.
Mwalimu akaniuliza nilipataje wazo la kumficha. Nikamwambia giza lile nililifikiria wiki tatu.

Jumatano, 11 Machi
Zacchaeus amekuja mwenyewe hadi kwangu Manyatta, kofia mkononi. “Omera, ndugu yangu, nani alikufundisha?” Nikatazama mbali kidogo, nikasema haifundishiki. Beldina akaingia ndani haraka. Nilimsikia akicheka.
Mama Waithira anataka kitabu cha pili. Hata Rosa amenisamehe, nimemnunulia blauzi. Akanishauri, kwa nia njema, niache madoa kama yalivyo, maana watu huogopa wasichokiona. Maskini Rosa! Nikamweleza kwamba wasomaji wananunua mchoro, si wino uliomwagika.
Kitabu cha pili kinahusu mzimu usioonekana. Nimeanza na jalada. Nimeuchora wote, mbele na ubavuni, masikio, pua, na kucha zote kumi. Mtu asije akaupita bila kuuona.