Gramu Sabini na Tano za Sukari ya Watu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, leo nimeaibika. Sisemi nimekosea kidogo. Nimeaibika mchana kweupe, miguu peku, mbele ya foleni nzima ya hospitali.

Nieleze kwa utaratibu.

Kazi yangu mnaijua: karani wa stesheni ya Kamina, ambako vita imefanya treni kuwa habari ya zamani. Karani asiye na treni husoma. Mimi nasoma kamusi nene ya tiba ya Kifaransa, niliyoipata bila jalada. (Nimemaliza herufi A. Balaa lilianzia hapo.)

Chini ya A kuna ugonjwa uitwao akromegali. Kitezi kidogo chini ya ubongo kinamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, na mtu mzima anaanza kukua upya: mikono, miguu, kichwa. Nilisoma hayo mwezi wa pili, wiki ileile viatu vyangu vilipoanza kunibana.

Mtu mzembe angeogopa papo hapo. Mimi nilipima kwanza. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilichukua utepe wa kushonea wa mke wangu, Mama Monga, anayeshona suruali za askari wa kambini. Nilikanyaga ncha yake kwa kisigino, nikainama, nikasoma namba penye kidole gumba, nikaandika. Mwezi wa pili: sentimita ishirini na sita. Jumapili iliyopita: thelathini na moja! Kiganja nacho kilikuwa kimeongezeka tano. Kichwa pia tano. Nikaandika daftarini: "Ukuaji wenye usawa wa ajabu."

Nilipeleka daftari kwa Mama Ngoie, mkuu wa maabara. Akasema kipimo cha homoni hiyo hapa hakipo. Lakini daktari wa kambi, kapiteni mmoja mtu wa Kisangani, alikuwa na kasha la barafu linalokuja huko kwenu na ndege kesho asubuhi. Alikubali kuniwekea nafasi ya vichupa viwili. Safari nyingine ya kubeba damu hakuna aijuaye. Kama ninaumwa, njia yangu ilikuwa hiyo tu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unatolewa damu ukiwa hujala. Kisha unakunywa gramu sabini na tano za sukari na kutolewa damu tena. Kwa mtu mzima wa afya, sukari huishusha ile homoni. Kwa mgonjwa, haishuki.

Sukari! Sisi ambao tangu vita ianze chai tunainywa kwa kumbukumbu! Mama Monga aliwaambia wanawake wa kanisa letu la Metodisti. Kila mmoja alileta kijiko chake, kimefungwa kwenye karatasi. Mmoja alilia akinikabidhi. (Nilimfariji. Nilijiona jasiri kweli.)

Leo asubuhi, basi. Kamusi inasema kujichosha kunapandisha homoni. Kwa hiyo sikuendesha baiskeli. Nilikaa nyuma kwenye keria, nimetulia kama gunia, Mama Monga akanisukuma kuanzia nyumbani hadi hospitali. Watu walisimama barabarani. Wanaume walivua kofia.

Mama Ngoie akanilaza nusu saa, akatoa damu, akaizungusha kwenye mashine ya mkono mpaka maji yake ya njano yakajitenga. Kisha akapima sukari kwenye mizani, akaikoroga kikombeni. Nilikunywa mlangoni penye hewa. Foleni nzima ilikuwa inakimezea mate kikombe.

Mke mmoja wa askari alisema, "Papa, bakisha hata kidogo pa chini."

Sikubakisha. Sayansi hairuhusu.

Wakati nangoja damu ya pili, kapiteni akaingia na kasha lake. "Wapi mugonjwa wa miguu?"

Nikavua viatu. Nikafungua daftari. Yeye akachukua rula ya mbao ya hospitali, akainama, akapima.

"Ishirini na sita."

"Haiwezekani, kapiteni. Rula yenu imechakaa." (Naam, nilisema hivyo. Kwa sauti.) "Mama Monga, toa utepe!"

Mke wangu akautoa shingoni. Nikapima mbele ya watu wote, nikatangaza kama mkuu wa stesheni: "Thelathini na moja!"

Kapiteni akaniomba ninyanyue kisigino. Akauokota utepe, akautazama mwanzo wake kwa muda mrefu.

"Papa, hii metre yenu inaanzia sita. Moja mupaka tano beko wapi?"

Nikamgeukia mke wangu.

"Minyi njo nilikata," akakiri bila wasiwasi. "Ncha inafumuka, nakata. Kila mwezi kidogo."

"Na suruali za watu?"

"Napima muntu na hii, nakata kitambaa na hii. Suruali inakuya muzuri tu. Nani alikutuma kupima miguu?"

Ndugu zangu, hesabu yake haina dosari. Kosa la utepe linajifuta lenyewe. Kwake. Mimi miezi mitano nilikuwa nasoma namba ya mbele, na kisigino kimeukanyaga ukweli.

"Lakini viatu vinanibana!" nikajitetea.

"Vilinyeshewa na mvua, ukavikausha juu ya mbabula. Weye mwenyewe! Makaa iliwaka usiku muzima."

Mama Ngoie alikuwa wa kwanza kucheka. Akakishika kichupa changu. "Baba Monga, damu pengine tutakurudishia. Sukari, hapana."

Hapo foleni ikaamka kuidai sukari ya watu. "Rudisha sukari ya bantu!" Yule mke wa askari ndiye aliyeongoza, na wengine wakaitikia kwa makofi. Nilitoka nimebeba viatu mkononi. Mama Monga alikuwa ameshapanda baiskeli, akanielekeza kwa kidole upande wa nyuma, penye kusukuma.

Nimesukuma hadi nyumbani. (Homoni ipande tu.)

Barua hii inasafiri ndani ya kasha la barafu, mahali pa vichupa vyangu. Ndege inarudi huku Ijumaa. Nawaomba msicheke. Atakayeshindwa kujizuia, atume kijiko kimoja cha sukari. Kwa ninavyowajua, Jumapili nitaingia kanisani bila deni.